Ufunguo wa kabati la matroni

Nilipotea kidogo, kazi za chumba cha habari mnazijua wenyewe. Leo sileti siasa wala mpira. Leo naleta habari ya kabati moja la bati na kufuli lake, halafu nitawaomba twende pamoja kwenye historia, kwa sababu nimegundua kwamba kabati lile halikujifunga lenyewe.

Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja, nilikuwa kiranja wa bweni. Jumamosi moja mwalimu wa nidhamu alitangaza mstarini kwamba dawa zote za wanafunzi zikusanywe na zipelekwe kwa matroni. Sababu ilikuwepo, tena nzito. Wiki ile kijana mmoja alikuwa amemeza vidonge vya mwenzake akidhani ni vya kichwa, akakutwa hoi chooni. Basi amri ikatoka, na mimi kiranja nikapita kitanda kwa kitanda na mfuko wa rambo mkononi. Nikakusanya Panado, dawa za mafua, dawa za mapunye, na vidonge vingine ambavyo hata wenyewe hawakukumbuka ni vya nini.

Jamaa aliyelala kitanda cha chini yangu alikuwa na pumu. Alinipa kila kitu isipokuwa kile kidude cha kuvuta dawa, inhela. Akasema, "Kiranja, hii niachie. Hii siyo ya kumeza." Nikamjibu kama viranja wote wanavyojibu: amri ni amri. Nikaitumbukiza kwenye mfuko.

Usiku wa tatu kifua kikambana. Ilikuwa saa nane za usiku. Anayejua pumu anaijua ile sauti, pumzi inapiga mluzi kama upepo kwenye tundu la dirisha, halafu mluzi unapungua, na kupungua kwake siyo nafuu, ni hatari. Tukakimbia chumba cha wagonjwa. Kabati limefungwa. Ufunguo alikuwa nao matroni, na matroni alikuwa amekwenda msibani kwao, kwa ruhusa halali kabisa. Mwalimu wa zamu alitafuta ufunguo wa akiba, hakuna. Mwisho mlinzi akaleta nondo na kufuli likavunjwa. Dakika arobaini hivi. Inhela yenyewe ilikuwa chini kabisa ya mfuko wangu wa rambo, chini ya dawa za mafua.

Alipona. Muhula uliofuata hakurudi, wazazi wake walimhamishia shule ya kutwa karibu na nyumbani. Na mimi nikabaki na swali ambalo nimetembea nalo mpaka leo: hivi kweli shule ile ilikuwa na watu wabaya? Hapana. Matroni yule alikuwa mama mwema, aliwahi kulala sakafuni pembeni ya mtoto mwenye malaria mpaka asubuhi. Mwalimu wa nidhamu alitaka kuzuia kifo. Sasa ilikuwaje watu wema wakatunga amri ambayo nusura iue?

Jibu nililolipata, baada ya kusoma huku na kule, ni hili. Dawa iliingia shuleni kwa ajili ya kundi. Haikuingia kwa ajili ya mtoto mmoja. Na sisi tumeirithi vivyo hivyo.

Turudi nyuma zaidi ya miaka 120, mpaka Marekani. Mwaka 1894 mji wa Boston ulianza kupeleka madaktari mashuleni kukagua watoto, kwa hofu ya dondakoo na magonjwa mengine ya kuambukiza. New York ikafuata mwaka 1897. Kazi ya daktari ilikuwa nyepesi: anapita darasani, anaangalia macho, vichwa na ngozi. Mwenye trakoma, nyumbani. Mwenye chawa, nyumbani. Mwenye upele au mapunye, nyumbani. Hakuna aliyewatibu. Walikuwa watoto wa wahamiaji maskini wa vyumba vya kupanga, wengine wazazi wao hawakujua kusoma ile karatasi waliyopewa. Wakawa wanazurura mitaani, wanacheza jioni na wale wale waliobaki darasani, na ugonjwa unaendelea na safari yake.

Hapo ndipo akatokea mama mmoja, Lillian Wald, muuguzi aliyekuwa na kituo chake cha kuhudumia maskini pale mtaa wa Henry. Akawaambia wakubwa wa jiji: nipeni mwezi mmoja tu, nitawaazima muuguzi wangu. Tarehe 1 Oktoba 1902 muuguzi huyo, Lina Rogers, mzaliwa wa jimbo la Ontario nchini Kanada, akaanza kazi katika shule nne zenye wanafunzi wapatao 10,000. Hakuwa na chumba cha maana. Alisafisha macho, akapaka dawa za ngozi, akafunga vidonda, mtoto akarudi darasani saa ile ile. Jioni alipanda ngazi za nyumba za watu kumweleza mama namna ya kuua chawa. Mwezi ulipoisha jiji likaajiri wauguzi zaidi. Septemba 1902 watoto waliorudishwa nyumbani walikuwa zaidi ya 10,000. Septemba 1903 walikuwa takriban 1,100 tu.

Uingereza nayo ilikuwa imeshtushwa na vita vyake vya Afrika Kusini vya 1899 hadi 1902, pale vijana wengi waliotaka kuingia jeshini walipokutwa hawafai kwa udhaifu wa mwili. Mwaka 1907 ikapitishwa sheria ya kuwapima watoto afya mashuleni.

Mimi namheshimu sana Lina Rogers. Lakini angalieni kitu kimoja. Chanzo cha yote haya kilikuwa ni hofu ya ugonjwa unaomtoka mtoto mmoja kwenda kwa wenzake, na hofu ya taifa kukosa askari. Mtoto alipimwa kwa sababu ya darasa, au kwa sababu ya jeshi. Foleni inapangwa, macho yanaangaliwa, anayefuata! Hiyo ndiyo dawa ya shule ilivyozaliwa, na mimi naiita dawa ya foleni.

Sasa njooni huku kwetu. Dawa ya foleni sisi tunaijua vizuri, tena tunaiweza. Nani kati yetu aliyesoma kando ya Ziwa Victoria, au Unguja na Pemba, asiyekumbuka siku ya vidonge vya kichocho na minyoo?

Mdudu wa kichocho aligunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Kairo mwaka 1851. Kwa zaidi ya miaka mia moja tiba zake zilikuwa kali kwa mgonjwa. Mambo yalibadilika miaka ya 1970, Wajerumani walipotengeneza prazikwanteli, dawa unayomeza siku moja na mara nyingi kazi imekwisha. Kipimo chake ni kama miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Lakini shule ya kijijini ina mizani? Haina. Wataalamu wakabuni fimbo ya kupimia urefu. Mtoto anasimama, kichwa kinagusa alama, alama inasema vidonge viwili, au vitatu. Mwalimu wa hesabu anaweza kufanya kazi hiyo, na ndiye anayeifanya.

Mei 2001, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kwamba ifikapo 2010 angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio kwenye hatari wawe wanapewa dawa hizi. Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi sita za mwanzo kusaidiwa na mpango mkubwa wa kupambana na kichocho ulioanzishwa London mwaka 2002. Kenya nako, wilaya ya Busia, tangu 1998 wachumi Michael Kremer na Edward Miguel walikuwa wakifuatilia shule 75 zilizogawiwa dawa za minyoo kwa awamu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalisema utoro ulipungua kwa robo. Wachumi wenzao wamebishana nao kuhusu hesabu zile mpaka wamechoka, lakini Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na habari za Busia zilikuwa sehemu ya sifa hiyo.

Naam, dawa ya foleni ina utukufu wake. Ina na aibu zake. Mwaka 2008 mkoani Morogoro vidonge hivi viligawiwa mashuleni, na baadhi ya watoto wakaanza kutapika, kuumwa tumbo na kizunguzungu. Prazikwanteli ikikuta tumbo tupu hufanya hivyo, na watoto wetu wangapi wanakwenda shule na tumbo tupu? Uvumi ukakimbia kuliko gari: watoto wanapewa sumu, watoto wanaharibiwa uzazi. Wazazi wakavamia shule, walimu wakawa na wakati mgumu, na zoezi likasimamishwa.

Wengine walicheka, wakasema ni ujinga wa wanakijiji. Mimi sicheki. Mzazi yule aliambiwa nini kabla? Alijua dawa inaitwaje, inatibu nini, na kwamba mtoto ale kwanza? Foleni ilimhesabu mtoto wake, ila yeye mwenyewe haikumhesabu. Kumbukeni jambo hili la mzazi, tutalirudia.

Sasa wakati foleni zinaendelea, kulikuwa na mtoto wa aina nyingine anakuja polepole kutoka upande wa pili. Zamani shule haikumwona kwa sababu alikuwa amekufa, au alikuwa amefichwa nyumbani. Huyu hakuletwa shuleni na sera. Aliletwa na dawa.

Tuanze na kisukari cha watoto. Kabla ya 1922 mtoto aliyepatwa nacho alikuwa anasubiri kufa, na matibabu yenyewe yalikuwa ni kumnyima chakula ili asogeze siku. Januari 1922, katika hospitali ya Toronto, kijana wa miaka 14 anayeitwa Leonard Thompson alidungwa sindano ya kwanza ya insulini, dawa iliyotokana na kazi ya Frederick Banting, Charles Best na wenzao. Sindano ya kwanza haikuwa safi, haikumfaa. Wiki mbili hazijaisha wakampa iliyosafishwa vizuri zaidi, na sukari ikashuka. Akaishi miaka 13 mingine. Ulimwengu ukashangilia, na ulikuwa na haki. Lakini fikiria: mtoto aliyetakiwa kuwa kaburini sasa amekaa dawati la tatu, na ana sindano ya kujidunga kabla ya kula. Anadungia wapi? Dawa inakaa wapi wakati inataka ubaridi? Akianza kutetemeka na kuongea ovyo katikati ya mtihani, mwalimu atajua kwamba sukari imeshuka, au atamchapa kwa utovu wa nidhamu?

Njoo kwenye kifafa. Fenobabitoni iliingia sokoni mwaka 1912, na ni dawa ya bei ndogo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipofika Mahenge, alikuta wenye kifafa wametengwa. Watu waliogopa kwamba mate ya mgonjwa yanaambukiza, na wengi waliokuwa wameungua walikuwa wameangukia motoni bila mtu kuthubutu kuwagusa. Akaanzisha kliniki. Waliopata kidonge kila siku wengi walipata nafuu, wakarudi kwenye watu. Hapo kuna neno la kuzingatia: kila siku. Dawa ya kifafa ukiikatisha ghafla, degedege linaweza kurudi kwa kishindo. Mwanafunzi wa bweni ambaye kidonge chake kimefungiwa, na mwenye ufunguo yuko likizo siku nne, hajakosa kidonge tu. Amewekwa hatarini.

Pumu nayo ina hadithi yake. Mwaka 1955 binti wa miaka 13 alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake ya pumu isije kwenye kopo la kupuliza kama dawa ya nywele. Dawa yake ya wakati ule ilikuwa kwenye kichupa cha kioo chenye mpira wa kuminya, kitu cha kuvunjika ovyo. Baba huyo, George Maison, alikuwa bosi wa kampuni ya dawa ya Riker huko Marekani. Mwaka 1956 inhela ya kwanza ya kupima dozi ikaingia sokoni. Yaani kifaa kile kilizaliwa kwa sababu mtoto wa shule alitaka dawa anayoweza kutembea nayo. Kutembea nayo! Na mimi nikakitia kwenye mfuko wa rambo.

Kuna selimundu, ile wengi tunaiita siko seli. Mgonjwa wa kwanza kuandikwa kwenye majarida ya kitabibu ya Magharibi alikuwa naye mwanafunzi: Walter Clement Noel, kijana kutoka Grenada aliyekwenda Chicago mwaka 1904 kusomea udaktari wa meno. Daktari James Herrick akachapisha habari zake mwaka 1910. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu, makadirio ya watafiti yanataja takriban 11,000 kwa mwaka, na kazi kubwa ya utafiti imefanywa pale Muhimbili na Profesa Julie Makani na wenzake tangu 2004. Zamani wengi hawakufika darasa la kwanza. Leo, kwa penisilini ya kinga, kinga ya malaria na haidroksiurea kwa wanaoipata, wanafika kidato cha sita na chuo.

Lakini selimundu inafundisha kitu ambacho kabati haliwezi kukitunza. Mtoto huyu anahitaji kunywa maji mara kwa mara, na akinywa maji mengi lazima aende kukojoa mara kwa mara. Hatakiwi kukaa na nguo mbichi kwenye baridi, wala kukimbizwa mpaka achoke kabisa. Sasa tazama adhabu zetu za shule: kukimbia uwanja mara kumi, kubeba ndoo, kupiga magoti juani, kunyimwa ruhusa ya kutoka nje. Kwa mwingine ni adhabu. Kwa huyu zinaweza kumpeleka hospitali akilia kwa maumivu ya mifupa. Ruhusa ya kunywa maji nayo ni dawa, na anayeigawa ni mwalimu wa jiografia.

Na mwisho kuna watoto waliozaliwa na virusi vya ukimwi. Serikali ya Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bure mwaka 2004. Kabla ya hapo wengi waliozaliwa navyo walizikwa wakiwa wadogo. Waliofikiwa na dawa wakakua, wakafaulu darasa la saba, wakapangiwa shule za bweni. Hapo tatizo likageuka. Mwenye pumu anataka dawa iwe karibu. Huyu anataka iwe karibu na tena isionekane. Kumeza kidonge kila usiku saa tatu katika bweni la vijana arobaini, bila hata mmoja kuuliza ni cha nini! Sheria ya mwaka 2008 kuhusu ukimwi inalinda siri yake na inakataza kumbagua, lakini sheria hailali bwenini. Siku ile napita na mfuko wangu, je, mmoja wa wale walionipa "vidonge ambavyo hawakukumbuka ni vya nini" alikuwa anajua vizuri kabisa? Sijui. Nimeliwaza sana.

Mnaona basi ilivyokuwa. Dawa mpya zilileta mwanafunzi mpya, nayo shule ikampokea kwa utaratibu wa zamani. Utaratibu wa zamani unajua mambo mawili: kugawa kwa wote siku moja, na kufungia siku zilizobaki. Haujui namna ya kumtunzia mtoto mmoja dawa yake, kila siku, kwa miaka minne.

Tusidhani ni ushamba wetu peke yetu. Jimbo la Ontario, kwao Lina Rogers, ambako insulini iligunduliwa, lilipata pigo Oktoba 2012. Mtoto wa miaka 12 mwenye pumu alibanwa akiwa shuleni. Inhela yake ilikuwa imefungiwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Hakuwahi, akafa. Mama yake alikuwa amepeleka shuleni barua ya daktari ya kuruhusu mtoto atembee na dawa yake, na bado inhela zake zilikuwa zikichukuliwa. Mama huyo hakukaa kimya. Alizunguka mpaka bunge la jimbo, na mwaka 2015 ikapitishwa sheria inayojulikana kwa jina la mwanawe, Sheria ya Ryan, inayozitaka shule ziwaruhusu wanafunzi wenye pumu kubeba inhela zao, mzazi akikubali.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikatoka nje. Kabati lile lile, kufuli lile lile. Tofauti ni dakika na nondo ya mlinzi.

Marekani, mwaka 2004, ilipitisha sheria ya kuyapa upendeleo wa ruzuku majimbo yanayoruhusu wanafunzi kubeba dawa zao za pumu. Uingereza, kifungu cha 100 cha sheria ya watoto na familia ya mwaka 2014 kiliziwajibisha shule za serikali huko kuwasaidia wanafunzi wenye maradhi. Mwongozo uliofuatana nacho unasema vitu kama inhela, vipimo vya sukari na sindano za dharura za mzio viwe karibu na mtoto wakati wote, visifungiwe. Unataka pia mtoto anayehitaji aandikiwe mpango wake mwenyewe: ana nini, anameza nini, dalili za hatari ni zipi, na nani apigiwe simu. Oktoba ya mwaka ule ule shule zikaruhusiwa kuweka inhela ya akiba.

Mtasema, hao wana pesa. Sawa, wana wauguzi na magari ya wagonjwa. Lakini hebu tuhesabu ni nini hasa kilichokosekana usiku ule wa saa nane. Hakukukosekana dawa, dawa ilikuwepo. Hakukukosekana mtu wa kusaidia, tulikuwa kumi na zaidi. Kilichokosekana ni ufunguo wa pili, na mtu mmoja wa kuuliza, kabla ya amri kutoka: je, kuna dawa ambayo ikifungwa inaua?

Maana dawa hazifanani, na kosa letu lilikuwa kuziona zote ni kitu kimoja. Kidonge cha maumivu ambacho mtu anaweza kumeza kumi, kifungie. Dawa kali ambayo mwenzake akiimeza inamdhuru, kifungie pia, lakini funguo ziwe mbili, na mwenye zamu aachiwe mmoja akipokea zamu kama anavyoachiwa daftari la mahudhurio. Inhela ikae mfukoni mwa mwenye pumu. Mwenye kisukari awe na sukari au glukosi yake mfukoni, wala asionekane mlafi akiila darasani. Insulini ipate mahali pa ubaridi, hata kama ni mtungi wa udongo wenye maji pembeni mwa ofisi, wako watu wanaoishi nao hivyo pasipo umeme. Mwenye dawa za kufubaza virusi apate mtu mzima mmoja tu anayejua, na sababu ya kawaida ya kupita kwa mtu huyo kila usiku.

Halafu kuna ile karatasi. Fomu ya kujiunga na shule niliyosoma ilikuwa na ukurasa wa daktari, na nadhani wengi wenu mliujaza. Pumu: ndiyo au hapana. Kifafa: ndiyo au hapana. Muhuri, sahihi, kwisha. Ukurasa wa rafiki yangu ulisema ndiyo. Ulikuwa kwenye faili, ofisini, hatua chache kutoka kwenye kabati. Hakuna aliyeufungua siku amri ilipotolewa, wala hakuna aliyemwambia mzazi wake kwamba inhela ya mwanawe imehama. Hapa ndipo tunarudi Morogoro: mzazi akiachwa nje, jambo jema linaharibika. Simu moja ingetosha. Mama yule angepiga kelele mpaka amri ibadilike, kama alivyofanya yule wa Ontario, na afadhali kelele ya kabla.

Walimu wanaonisoma, najua mzigo wenu. Darasa la watu themanini, zamu, mitihani, na sasa mnaambiwa muwe wauguzi. Sisemi muwe wauguzi. Lina Rogers alikuwa na kazi yake na ninyi mna yenu. Nasema mjue majina. Katika kila darasa kuna watoto wawili watatu ambao miili yao inadai kitu ambacho mwili wa mwenzake haudai. Kujua majina yao na wanachodai ni karatasi moja ukutani mwa ofisi ya zamu, upande usioonwa na wageni.

Kabla ya kuandika makala hii nilimtafuta rafiki yangu. Tulikuwa tumepotezana. Nikampigia, tukacheka mambo ya shule, makande, kengele ya alfajiri. Mwishoni nikamwomba radhi kwa ule mfuko wa rambo, miaka yote hii imepita. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kiranja, mimi nilikuwa nayo ya pili. Mama alinipa mbili. Zote mbili nilikupa wewe, ya pili ulinikuta nimeificha kwenye soksi ukaichukua."

Nilikuwa nimeisahau kabisa ile ya kwenye soksi.

Alisema amenisamehe zamani. Sasa ana mtoto anayeanza shule mwakani, naye kifua kinambana usiku. Akaniuliza kama nikiwa mwandishi najua shule gani inamruhusu mtoto kutembea na inhela yake. Nimeanza kumtafutia. Nikipata jibu nitalileta hapa hapa, na kama wewe unayesoma unaijua shule ya namna hiyo, niandikie.

Alamsiki.